Hisa za Marekani, Kodi ya Nyumbani

Siku ya hisa kuiva ikifika, mhandisi wa programu aliyeko Nairobi hufungua akaunti yake kwa dalali wa Marekani akitarajia kukuta hisa 100, akakuta 65. Zile 35 zimeuzwa papo hapo kulipia kodi. Lawama ya kwanza hurushwa Washington: Wamarekani wamekula jasho la Mwafrika tena. Lakini kama mhandisi huyo hajawahi kufanya kazi hata siku moja katika ardhi ya Marekani, Washington haikugusa chochote hapo. Hisa zake 35 zimeishia kwa Mamlaka ya Mapato Kenya, KRA, sawa na makato ya mshahara wake wa kila mwezi.

Jambo hili linawasumbua watu wengi kuliko zamani. Microsoft ilifungua kituo chake cha uhandisi Nairobi mwaka 2019, na Google ikatangaza kituo chake cha kwanza cha kutengeneza bidhaa barani Afrika, hapo hapo Nairobi, mwaka 2022. Wapo pia vijana wa Dar es Salaam, Arusha, Mombasa na Kampala wanaoandika programu wakiwa sebuleni kwao kwa ajili ya kampuni ambazo hawajawahi kuziona ofisi zake. Malipo yao yana sehemu mbili: mshahara, na hisa za kampuni mama. Mshahara wanauelewa. Hisa ndizo zinazowachanganya, na si wao peke yao. Wahasibu wengi nao hubaki wakikuna vichwa.

Hisa hizo huja kwa sura mbili kubwa. Ya kwanza ni ahadi: kampuni inakuambia leo kwamba itakupa hisa kadhaa, ila hazitakuwa zako mpaka umekaa kazini muda fulani, mara nyingi miaka minne, zikiiva kidogo kidogo. Ukiondoka kabla, zisizoiva unaziacha. Ya pili ni haki ya kununua: unapewa ruhusa ya kununua hisa baadaye kwa bei ya leo. Bei ikipanda, unanunua kwa bei ya zamani na tofauti ni yako. Ikishuka, unaiacha haki hiyo ife.

Swali lililowagonganisha wanasheria kwa miaka mingi ni hili: hicho ulichopata ni mshahara, ni zawadi, au ni faida ya mwekezaji? Marekani ililimaliza mwaka 1956. Philip LoBue alikuwa meneja wa mauzo wa Michigan Chemical Corporation jijini New York. Katikati ya miaka ya 1940 kampuni ilimpa haki ya kununua hisa kwa dola 5 kila moja. Alilipa jumla ya dola 1,700 akapokea hisa ambazo sokoni zilikuwa na thamani ya dola 9,930. LoBue alidai kwamba alikuwa amefanywa mmiliki mwenza wa kampuni, hivyo tofauti ile si ujira. Mahakama ya Juu ikamkatalia: alipewa kwa sababu ya kazi, basi ni malipo ya kazi, na kodi inahesabiwa siku aliponunua hisa.

Uingereza ilipita njia nyingine. Katika shauri la Abbott dhidi ya Philbin, mfanyakazi alikuwa ametoa pauni 20 kupata haki ya kununua hisa 2,000 za kampuni yake. Mwaka 1960 majaji wa Baraza la Malodi waliamua kwamba kilichopaswa kutozwa kodi ni ile haki yenyewe, katika mwaka ilipotolewa, na si faida iliyojitokeza alipoitumia baadaye. Wafanyakazi wenye hisa walishangilia, ila si kwa muda mrefu. Bunge lilibadilisha sheria mwaka 1966. Nazitaja kesi hizi kwa sababu mvutano wake bado uko nasi. Nchi moja inaweza kuhesabu kodi siku unapopewa haki, nyingine siku hisa zinapoiva, ya tatu siku unaponunua. Mtu aliyekaa nchi moja maisha yake yote hilo halimhusu. Aliyehama katikati ndiye anayelipia tofauti hizo.

Kwa kodi ya ujira, sheria ya Marekani inauliza kazi ilifanyikia wapi. Haijali kampuni imesajiliwa wapi, hisa zinauzwa soko gani, wala fedha zimetoka benki ipi. Asiye raia wala mkazi wa Marekani, akifanya kazi yake yote Nairobi au Dar es Salaam, malipo yake ya kazi, hisa zikiwemo, hayana chimbuko Marekani na hayatozwi kodi ya mapato huko. Akiziuza baadaye kwa faida, kwa kawaida Marekani haitozi faida hiyo pia.

Ndiyo maana dalali anamtaka ajaze fomu iitwayo W-8BEN. Wengi huiogopa, wakidhani ni kujisalimisha kwa mtoza kodi wa Marekani. Kinyume chake, ni tamko kwamba wewe si mtu wao. Asiyeijaza anaweza kuhesabiwa kama Mmarekani aliyekataa kutoa namba yake, na dalali akakata asilimia 24 ya fedha zote za mauzo, siyo ya faida tu. Fomu hiyo huisha nguvu mwisho wa mwaka wa tatu baada ya ule ulioisainia. Barua pepe ya kukukumbusha huja, ikafanana na matangazo, ukaifuta.

Marekani inachokata bila huruma ni gawio. Kenya, Tanzania na Uganda hazina mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili na Marekani. Barani Afrika ni Afrika Kusini, Misri, Moroko na Tunisia pekee zilizo nao. Kwa hiyo mkazi wa Afrika Mashariki anakatwa asilimia 30 ya kila gawio kabla halijamfikia. Zamani jambo hilo halikuwa na uzito kwa wafanyakazi wa kampuni za teknolojia, kwa kuwa kadhaa kati yake hazikulipa gawio kabisa. Mwaka 2024 Meta na Alphabet, kampuni mama ya Google, zote zilianza kulipa.

Sasa tuje kwa aliyehama.

Tuseme mhandisi Mkenya aliajiriwa Mountain View, California, kwa viza ya kazi, bila kadi ya kijani. Akaahidiwa hisa 400 zitakazoiva baada ya miezi 24. Alifanya kazi huko miezi 18, kisha akarudi Nairobi kuendelea na kampuni ileile kupitia tawi lake la Kenya. Miezi sita baadaye, akiwa si mkazi tena wa Marekani, hisa zikaiva. Bei siku hiyo ni dola 150, jumla dola 60,000.

Marekani haisemi kwamba ameshaondoka, basi imemsamehe. Inagawa malipo kwa muda wa kazi, tangu siku ya ahadi hadi siku ya kuiva. Robo tatu ya muda huo ilikuwa California. Basi dola 45,000 ni ujira wa Marekani, na kwa kawaida mwajiri hukata asilimia 22, yaani dola 9,900. Jimbo la California nalo lina kodi yake ya mapato na linafuata siku zile zile za kazi. Kiwango chake cha kukata kwenye hisa za wafanyakazi ni asilimia 10.23, karibu dola 4,600 nyingine. California, kwa taarifa yako, haifungwi hata na mikataba ya kodi ambayo serikali kuu ya Marekani imetia saini. Jumla ni dola 14,500, kabla ya makato ya hifadhi ya jamii.

Kisha inakuja Kenya. Mhandisi wetu ana makazi ya kudumu Nairobi na yuko nchini. Kisheria ni mkazi, na mkazi hutozwa kodi kwa ujira wake wote, uwe umetoka wapi. Kama mshahara wake umeshavuka shilingi 800,000 kwa mwezi, kila shilingi inayoongezeka inatozwa asilimia 35, kiwango kilicholetwa na Sheria ya Fedha ya 2023. Asilimia 35 ya dola 60,000 ni dola 21,000. Ukijumlisha pande zote bila nafuu yoyote, dola 35,500 zimekwenda kwa watoza kodi watatu, zaidi ya nusu ya alichopata.

Nafuu ipo, lakini ina mlango mwembamba. Kwa kukosa mkataba na Marekani, Kenya inategemea kifungu cha sheria yake yenyewe ya kodi ya mapato, kinachomruhusu raia wa Kenya kupunguziwa kodi aliyokwisha kulipa nje kwa ujira wa ajira. Kifungu hicho kinamtaja raia. Mkongo au Mhindi aliyehamia Nairobi na hisa za aina ile ile hana pa kushika hapo. Na kama kodi ya jimbo la California inahesabika sawa na ya serikali kuu, hilo ni jambo ambalo mshauri wa kodi na afisa wa KRA wataweza kubishana hadi jioni. Tanzania imekuwa na busara zaidi katika hili: Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inampa mkazi, bila kujali uraia wake, haki ya kudai punguzo kwa kodi aliyolipa nje hata pasipo mkataba, mradi lisizidi kodi ambayo Tanzania yenyewe ingetoza kwa mapato hayo. Kenya ingenakili tu.

Halafu kuna hesabu za siku, ambazo hazilingani. Kwa haki ya kununua hisa, serikali kuu ya Marekani kwa kawaida hugawa kuanzia siku ya kupewa hadi siku ya kuiva. Tangu Aprili 2015 Uingereza nayo inafanya hivyo. California inagawa kuanzia siku ya kupewa hadi siku ya kununua, ambayo inaweza kuwa miaka mitano baadaye. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, lilijaribu kuweka utaratibu mwaka 2005 katika maelezo ya mkataba wake wa mfano wa kodi: faida yote hadi siku ya kutumia haki ni ujira, na kinachopanda baada ya hapo ni faida ya mwekezaji. Utaratibu mzuri, ila hutumika pale mkataba upo. Mkenya aliyetoka London ana mkataba wa Kenya na Uingereza wa kujikinga. Aliyetoka San Francisco hana.

Hata safari za kikazi zimo. Unaitwa makao makuu wiki mbili kwa mafunzo. Siku hizo umefanya kazi Marekani. Sheria ina msamaha kwa mgeni wa mwajiri wa nje anayekaa siku zisizozidi 90, lakini kwa sharti kwamba malipo yake kwa kazi ya huko yasizidi dola 3,000. Kiwango hicho kilikuwemo katika sheria ya kodi ya 1954 na hakijapandishwa. Mwaka 1954 dola 3,000 zilikuwa fedha nyingi. Leo mhandisi mwenye hisa anaweza kuzifikia kabla wiki ya pili haijaisha. Sijui ni wangapi wanaolipa kodi hiyo. Ninachojua ni kwamba wanaoandika kumbukumbu ya siku zao za safari ni wachache, na bila kumbukumbu hiyo huwezi kuthibitisha chochote, kwa faida yako wala kwa hasara yako.

Kundi ninalolihofia zaidi ni la wale walioajiriwa moja kwa moja na kampuni ya nje isiyo na ofisi hapa. Hawana mwajiri wa kuwakata kila mwezi. Hisa zinaingia 100, zinabaki 100, na raha hiyo inawafanya waamini kwamba hawadaiwi. Wanadaiwa. Mkazi wa Kenya anatakiwa kutangaza ujira huo katika ritani yake kufikia Juni 30, na wa Tanzania vivyo hivyo, ambako kipato cha mwezi kinachozidi shilingi milioni moja kimeshafika kiwango cha juu cha asilimia 30. Marekani haijajiunga na mfumo wa kimataifa wa nchi kupashana habari za akaunti za fedha, na wapo wanaojifariji kwa hilo. Faraja hiyo hudumu hadi siku unapoleta dola zako nyumbani kununua kiwanja na kuulizwa zimetoka wapi.

Kodi ya hisa ina ukatili mwingine: inahesabiwa kwa bei ya siku ya kuiva, na haikurudii bei ikianguka. Hisa ya Meta iliuanza mwaka 2022 ikiwa karibu dola 336 na kuumaliza karibu dola 120. Aliyeivisha hisa Februari na kuzishikilia kwa matumaini alikuwa ameshatozwa kodi kwa bei ya juu. Huko Marekani kwenyewe, soko la kampuni za intaneti lilipoporomoka mwaka 2000, walikuwepo wafanyakazi waliojikuta wanadaiwa kodi kubwa kuliko thamani ya hisa walizobaki nazo. Kenya haitozi kodi ya ongezeko la mtaji kwa mali iliyoko nje ya nchi, kwa hiyo mkazi wake akiuza hisa za Marekani kwa faida baada ya kuiva, ongezeko lile linaweza kubaki kwake lote. Lakini kwa mantiki hiyo hiyo hasara yake nayo ni yake peke yake. Hana kodi ya kuipunguza. Rai yangu ni fupi: hisa ikiiva, uza ile sehemu ambayo usingeinunua kwa fedha yako taslimu. Waajiri wanaosisitiza uaminifu wa kushikilia hisa hawatakulipia kodi.

Kenya imejaribu kuwasaidia wafanyakazi wa kampuni changa za nyumbani. Sheria ya Fedha ya 2023 inaruhusu mfanyakazi aliyepewa hisa badala ya mshahara katika kampuni changa inayostahili kuahirisha kodi mpaka auze, aache kazi, au miaka mitano ipite. Kampuni yenyewe isizidi mauzo ya shilingi milioni 100 kwa mwaka wala umri wa miaka mitano. Nia ni nzuri. Kasoro ni ile saa ya miaka mitano. Hisa za kampuni changa isiyo sokoni haziuziki kwa urahisi. Mwaka wa sita mfanyakazi atadaiwa kodi ya karatasi ambayo hana wa kumuuzia. Bora kodi ingesubiri siku ya fedha kupatikana.

Nimeacha mwisho jambo ambalo wafanyakazi wengi hawajawahi kulisikia.

Kenya na Tanzania hazitozi kodi ya mirathi, kwa hiyo haitujii akilini kwamba kifo kinaweza kuwa na kodi. Marekani inayo. Mmarekani akifa, msamaha wake ni dola milioni 15 kuanzia mwaka 2026. Familia chache sana hufika huko. Asiye raia wala mkazi wa Marekani anapokufa akiwa na mali iliyoko Marekani, msamaha wake ni dola 60,000 tu. Na kwa sheria yao, hisa za kampuni ya Marekani ni mali iliyoko Marekani, hata kama mwenye nazo alizaliwa Moshi, akaishi Moshi na kuzikwa Moshi. Viwango hupanda hadi asilimia 40. Kwa hisa za dola 200,000, kiasi ambacho mhandisi mwenye cheo anaweza kukusanya kwa miaka michache akiacha kila kinachoiva kikae, kodi inayodaiwa ni takriban dola 41,800. Mikataba ya kodi ya mirathi ingepunguza makali hayo, lakini Marekani haina mkataba wa aina hiyo na nchi yoyote ya Afrika Mashariki.

Warithi wanatakiwa kuwasilisha hesabu ndani ya miezi tisa tangu kifo, kwa fomu iitwayo 706-NA. Kabla ya kuachia hisa, dalali anaweza kudai cheti kutoka mamlaka ya kodi ya Marekani kuonyesha kwamba hakuna deni. Huku nyumbani msimamizi wa mirathi bado anahangaika mahakamani kupata barua za usimamizi, matanga hayajapoa, na bei ya hisa inapanda na kushuka bila mtu kuweza kuuza. Mjane ambaye hakujua kama akaunti hiyo ipo atajuaje kwamba miezi tisa imeanza kuhesabiwa?

Kuna njia halali ya kupunguza hatari hii, na haihitaji mwanasheria ghali: usiache hisa za Marekani zikavuka dola 60,000. Ziuze kadiri zinavyoiva na uhamishie fedha nyumbani. Hata fedha za mgeni zilizowekwa tu katika benki ya kawaida ya Marekani kwa matumizi yake binafsi hazihesabiwi katika kodi hiyo ya mirathi. Hisa ndizo zinazohesabiwa. Vyama vya wafanyakazi wa teknolojia na kampuni zenyewe zingeweza kueleza hili siku ya kwanza ya kazi, kwenye karatasi moja ya Kiswahili au Kiingereza chepesi. Waajiri wengi humkabidhi mfanyakazi mkataba wa hisa wa kurasa nyingi, na neno kifo ndani yake linahusu tu nini kitatokea kwa hisa ambazo hazijaiva.

Kama nawe unazo hisa hizo, andika leo jina la dalali, namba ya akaunti, tarehe ulizoahidiwa hisa, tarehe zilizoiva, na siku ulizofanya kazi nje ya nchi. Mpe karatasi hiyo mumeo, mkeo au ndugu unayemwamini, na umweleze kwamba kuna muda wa miezi tisa.